Jibini nzuri kwa mtu wa Magu: ulizia mzigo kwanza

Swali: "Nimekulia Arusha, na mwaka jana nimehamishiwa Magu kikazi. Nyumbani tulizoea jibini ya kweli, ile ya kukatwa kutoka kwenye gurudumu zima. Huku nikiuliza madukani napewa zile pembetatu za karatasi ya kung'aa. Mwanza mjini nilinunua kipande cha Gouda kwa bei ya kuumiza, nikafika nyumbani nikakuta kimekauka pembeni na kinanuka samaki. Je, kuna maduka mazuri ya jibini nje ya Dar na Arusha? Na nitajuaje kuwa duka ni zuri kabla sijatoa hela?"

Jibu: Dada yangu wa Magu, pole kwa hiyo Gouda ya sangara. Hiyo harufu nitaigusa baadaye, maana inaeleza mengi kuhusu friji ilimokaa. Kwanza nikujibu ulichouliza. Duka linalouza jibini peke yake, lenye muuzaji anayekukatia kipande cha kuonja, usitegemee kulikuta Magu, wala Bunda, wala Sengerema. Hata Mwanza, pamoja na ukubwa wake, utakachokuta ni supamaketi na maduka ya vyakula yaliyotenga rafu moja au mbili za friji kwa ajili ya jibini, katikati ya soseji na siagi. Lakini jibini nzuri inaingia mjini. Inaingia kwa siku zake na inaelekea kwa watu wake, hasa jikoni za hoteli, na wewe unafika dukani siku ambayo kilichobaki ni masalia.

Nimefanya kazi ya kusindika maziwa, na baadaye kazi ya kununulia jikoni za hoteli za huku ziwani, kwa hiyo nimeiona jibini kutoka pande zote mbili za kaunta. Nitakwambia kitu ambacho wauzaji wengi wa huku hawasemi: mwenye duka haogopi kuleta jibini nzuri, anaogopa imfie mkononi. Ukilielewa hilo, umeshajua utaongea naye vipi.

Wageni wengi hushangaa. Ukanda huu umejaa ng'ombe. Ukipita barabara ya Musoma kiangazi utasimama mara kadhaa kusubiri makundi yavuke. Sasa mbona jibini hakuna? Sababu ni kwamba wengi wa ng'ombe hao ni zebu wa asili. Zebu ni mvumilivu wa jua na kupe, lakini maziwa yake ni lita moja au mbili kwa siku baada ya ndama kushiba, na malisho yakikauka hata hizo hazipatikani. Jibini ngumu kama Gouda au Cheddar inakula karibu lita 10 za maziwa kwa kilo moja. Gurudumu la kilo nne ni lita 40, tena za siku moja, zimepozwa, hazijaanza kuchacha. Mama wa Kisukuma mwenye lita zake tatu alishalipatia jawabu lake zamani: anazigandisha kwenye kibuyu, anasukasuka, anatoa samli inayokaa miezi bila friji, na mtindi unaobaki unaliwa na ugali. Kwa maziwa kidogo na joto jingi, hiyo ndiyo njia ya busara.

Jibini ilishika mizizi kule kwenye ubaridi na ng'ombe wa kisasa. Njombe kuna kiwanda kilichoanzishwa kwa msaada wa shirika la Kiitaliano la CEFA, na ndiyo maana jibini zake zina sura ya Kiitaliano. Iringa wapo ASAS, Tanga wapo Tanga Fresh waliotokana na ushirika wa wafugaji na wabia wa Kiholanzi, na Arusha na Kilimanjaro unakujua mwenyewe. Huku kwetu, enzi za shirika la umma la maziwa, TDL, kulikuwa na viwanda vya maziwa Musoma na Utegi, lakini shirika hilo halikudumu baada ya ubinafsishaji wa miaka ya 1990. Mkoa wa Mara, sehemu zake za juu upande wa Tarime, bado una hali ya hewa inayofaa, na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wapo. Ukisikia mtu kaanza kusindika jibini kule, mfuatilie.

Kwa hiyo kila jibini unayoiona Mwanza imesafiri. Kutoka Dar ni zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara. Kutoka Arusha, ukizunguka kwa Singida, Nzega na Shinyanga, ni safari ya siku nzima. Nyingine inatoka Kenya kupitia Sirari. Safari yenyewe wala si mbaya kama watu wanavyodhani, kwa sababu Gouda yenye ganda zima inavumilia siku moja ya joto bila kuharibika, itatoka jasho la mafuta kidogo tu. Balaa linaanzia pale inapofika: inashushwa saa saba mchana, inakaa sakafuni ikisubiri mwenye ufunguo wa stoo, inaingizwa kwenye friji, umeme unakatika usiku, unarudi alfajiri, unakatika tena. Jibini inachukia kupanda na kushuka kuliko inavyochukia joto lenyewe. Kila ikipata joto inatoa unyevu, kila ikipoa unyevu ule unaganda juu yake, na hapo ndipo ukungu wa kijani unapata makazi chini ya plastiki.

Ndiyo maana nakwambia uanze na mzigo. Ingia dukani usiulize "mna jibini?" Utaambiwa ipo, hata kama ni pembetatu. Uliza: "Mzigo wa jibini unaingia siku gani, na wa mwisho uliingia lini?" Muuzaji anayejua biashara yake atakujibu hapo hapo, kwamba unaingia Alhamisi, unatoka Arusha, unaletwa na saplaya fulani. Asiyejua atakwambia "huwa unakuja kuja." Huyo wa pili mpe salamu, nunua sabuni, endelea na safari.

Baada ya jibu, tazama friji. Friji nzuri ya jibini inachosha kuitazama: vipande vichache, vya tarehe zinazokaribiana, na nafasi kati yake. Friji iliyofurika jibini za aina nyingi katika mji wenye wanunuzi wachache isikuvutie, maana vitu vingi visivyotoka ndivyo vitu vya zamani. Angalia kuna nini jirani. Jibini ina mafuta, na mafuta hunyonya harufu. Ikilala usiku kucha na minofu ya sangara au dagaa waliofungwa kwenye mfuko mwepesi, asubuhi inanuka ziwa. Kipande chako kilikuwa na shida hiyo, na ile kukauka pembeni inamaanisha kilikatwa siku nyingi kikafungwa upya. Uliza pia kuhusu umeme. Duka lenye jenereta linalowashwa kwa ajili ya mafriji, na siyo kwa ajili ya taa na redio tu, lina thamani kuliko duka lenye majina mengi ya Kizungu kwenye rafu.

Sasa chukua kipande mkononi. Kama kimefungwa kwa plastiki iliyonyonywa hewa, plastiki inatakiwa ikamate jibini kama ngozi. Ikiwa imelegea na ndani kuna vijipovu vya maji, mfuko umepitisha hewa au jibini imechacha. Geuza uone upande wa chini, maana wauzaji hupanga upande mzuri juu. Uso wa Gouda changa unatakiwa uwe wa rangi moja, manjano ya siagi hafifu, wenye vitundu vichache vidogo. Ukiubonyeza kwa kidole unarudi polepole. Ukiona ukingo una rangi nzito kuliko katikati, na mstari wa nyufa nyembamba unaozunguka, hapo hewa imeshapita. Matone ya mafuta yaliyoganda kama nta nyeupe kwenye pembe ni alama ya joto. Kwa jibini iliyokomaa miezi mingi, vichembe vyeupe ndani ya nyama yake ni jambo jema, ni ukomavu wenyewe, na vikikatika menoni vinatoa mlio mdogo kama wa chumvi. Halafu nusa. Harufu ya maziwa, ya karanga, hata ya zizi kidogo, haina neno. Harufu kali inayopanda puani kama mkojo kwenye jibini ngumu maana yake imepitiliza, na hata ushushiwe bei namna gani usiichukue.

Usione aibu kuomba kukatiwa mbele yako. Magurudumu mazima yanafika Mwanza mara chache, lakini yanafika, na tofauti ya kipande kilichokatwa sasa hivi na kilichokatwa Jumamosi iliyopita ni kubwa kuliko tofauti ya kiwanda na kiwanda. Angalia kisu pia. Kama kimetoka kukata soseji na kinafutwa kwa kitambaa kilichofutia meza, omba kioshwe. Atakayenuna mwache anune.

Kuhusu lebo. Jibini halisi ina maneno machache: maziwa, chumvi, bakteria wa kuchachushia, na reneti, yaani kile kimeng'enya kinachokatisha maziwa. Labda na rangi ya anato kwa zile za machungwa. Ukikuta orodha ndefu yenye mafuta ya mawese, wanga, na namba kama E331, E339 au E452, hiyo ni jibini iliyoyeyushwa ikaundwa upya kwa chumvi za sitreti na fosfeti, au ni kitu cha mafuta ya mimea kilichovishwa sura ya jibini. Pembetatu zako za karatasi ya kung'aa ni za kundi la kwanza. Sizitukani, zilibuniwa zikae bila kuharibika, na mtoto wa shule akipewa na mkate hana kosa. Kundi la pili ndilo la kuangalia, kwa sababu huuzwa kwa jina la mozarela iliyokunwa, kwenye mifuko mikubwa ya wapika piza, na bei yake inavutia. Hapo tumia hesabu rahisi. Chukua bei ya lita ya maziwa mtaani kwako, zidisha kwa 10. Tuseme lita ni shilingi 1,500: maziwa peke yake kwenye kilo moja ya jibini ni shilingi 15,000, bado kuni au gesi, mshahara, usafiri na faida ya watu wawili watatu. Mtu akikuuzia kilo kwa bei iliyo chini ya gharama ya maziwa yake, kuna changa la macho mahali.

Alama ya TBS itafute. Tangu 2019 usimamizi wa usalama wa chakula umehamia kwa shirika hilo, na tasnia yenyewe ina sheria yake ya 2004 chini ya Bodi ya Maziwa. Kwa jibini za mtu binafsi, za kutengenezwa nyumbani au kwenye nyumba za watawa, swali moja tu ndilo la lazima: maziwa yalipashwa moto? Nyuzi 63 kwa nusu saa zinatosha. Huku kwetu ugonjwa wa brusela na kifua kikuu cha ng'ombe si hadithi, na jibini changa ya maziwa mabichi inavibeba vyote. Ukiwa mjamzito, jibini laini zilizokaa friji nisizozijua mimi ningezikwepa kabisa. Na kama nyumbani kwako mnazingatia halali, uliza reneti ni ya nini. Viwanda vingi siku hizi hutumia ya vijidudu, isiyotoka kwa mnyama, lakini jibini kadhaa za kienyeji za Ulaya, Parmigiano Reggiano ikiwemo, ni lazima zitumie ya ndama.

Ununue ipi sasa? Mahali pa mbali na kiwanda panachagua jibini yenyewe. Gouda, Cheddar, na zile ngumu za kukuna ndizo za kwako. Gouda hasa imeenea Afrika Mashariki yote, kuanzia milima ya Masisi kule Kongo, inayopitishia jibini yake Goma, hadi Limuru nchini Kenya, na haikuenea kwa bahati: inakomaa kwa wiki chache, ina ganda la kuilinda, na haihitaji pango wala mtaalamu wa kuilea. Ganda zima la nta au plastiki yake ni friji ya pili. Mozarela mbichi inayoelea kwenye maji ya chumvi usiibebe Magu, umri wake ni wa siku. Ile kavu ya piza inawezekana. Brie na ndugu zake wenye ukungu mweupe waache Dar. Zinaiva kuanzia nje kwenda ndani, kila siku ni hatua, na mpaka zifike Nyakato zimeshakuwa uji au zimekufa kwa baridi ya friza. Hapa niongeze: duka linalogandisha Gouda kwenye friza linakuuzia kitu kitakachopukutika kama chaki. Kwa piza kinavumilika, kwa mkate hapana.

Maduka yenyewe, nitakuelekeza kwa aina badala ya jina, maana majina hubadilika na mameneja huhama. Anza na supamaketi za katikati ya mji na za Rock City Mall, kwa sababu zina friji za kudumu na risiti. Humo utapata zilizofungwa kiwandani, na ni mahali pazuri pa kujifunza bei. Kisha nenda kwenye maduka ya vyakula ya Wahindi mitaa ya mjini, Makoroboi na jirani zake. Humo ndimo nilikokutana na wauzaji wanaojua kula wanachouza. Kisha, na hili ndilo watu hawalifikirii, nenda hotelini. Hoteli za Capri Point na zile za kandokando ya maji zinapata jibini kwa oda, na mnunuzi wa jikoni anamjua saplaya kwa jina na kwa namba ya simu. Nenda saa tisa mchana, chakula cha mchana kikiwa kimepita na cha jioni hakijaanza, agiza chai, omba kuonana na mpishi. Mwambie ukweli: unatafuta jibini, unaishi Magu, unaweza kuchukua kilo mbili kwa mwezi. Wapishi ni watu wanaopenda kuulizwa kitu kama hicho. Mara nyingi atakupa namba ya saplaya hapo hapo, au atakuambia mzigo ukija akuongezee.

Hapa ndipo narudi kwa yule mwenye duka anayeogopa. Chagua duka moja, lenye friji safi, jenereta, na mtu anayejua siku ya mzigo. Hata kama leo halina jibini unayoitaka. Ongea na mwenyewe, siyo kijana wa kaunta, umwambie: "Kaka, ukileta Gouda nzima mimi nachukua kilo moja na nusu kila mwezi, na nusu ya hela nakutumia kabla." Nimeona rafu za jibini zikizaliwa hivyo. Mtu mmoja hatoshi kumtikisa, lakini watano wanatosha, na watano hao wapo: madaktari na wauguzi wa Bugando, walimu wa shule za kimataifa, mapadri na masista, wenye migahawa midogo ya piza, na watu waliosoma nje wakarudi na ulimi wao. Gurudumu la kilo nne au tano likigawanywa kwa watu watano linaisha siku linapofunguliwa. Mwenye duka hajalaza mtaji, na ninyi mmekula jibini iliyokatwa siku hiyo. Mchangishaji awe mmoja, tena mwaminifu, maana nimeona kikundi kikivunjika kwa sababu ya gramu 200.

Ukishindwa kabisa Mwanza, agiza moja kwa moja. Viwanda vingi vya ndani vina namba ya simu kwenye lebo, na nyuma ya namba hiyo kuna mtu wa mauzo. Omba kifurushi cha basi la usiku kutoka Arusha, ulikokulia na una ndugu wa kukipeleka stendi. Jibini ifungwe kwa karatasi, iwekwe kwenye kasha la plastiki nyeupe nyepesi, lile la kubebea samaki au dawa, lakini jipya, na chupa mbili za maji yaliyogandishwa pembeni, zisigusane na jibini. Kasha lifungwe kwa gundi ya karatasi pande zote. Mwambie kondakta isikae kwenye buti karibu na injini. Pokea mwenyewe basi linapoingia, usiache ilale ofisini kwao.

Safari ya Mwanza hadi Magu ni kilomita 60 hivi, na jibini isiwe kitu cha kwanza kununua ukifika mjini. Fanya shughuli zako zote, nunua jibini mwisho, weka kwenye deli dogo lenye barafu, panda gari. Nyumbani usiifunge kwa nailoni inayobana. Inatoka jasho na kuota ukungu. Karatasi ya kuokea au hata ya daftari isiyo na wino, kisha kwenye kopo lenye mfuniko usiokaza, kisha kwenye droo ya mboga chini ya friji, ambako baridi si kali. Ukungu ukiota juu ya Gouda, kata sentimita mbili tatu kuzunguka na endelea kula. Ukiota kwenye jibini laini, tupa yote. Umeme ukikatika usiku kucha usifungue friji kuangalia kama jibini iko salama. Jibini ngumu itavumilia vizuri zaidi friji ikibaki imefungwa.

Bado sijakwambia kuhusu panir, ile jibini mbichi ya Kihindi, na kwa mtu wa Magu huenda ndiyo jibini bora kuliko zote nilizotaja, kwa sababu ndiyo pekee utakayoila ikiwa na umri wa saa mbili. Maduka ya Wahindi Mwanza huiuza, na familia nyingi huitengeneza nyumbani. Wewe una kitu ambacho mtu wa Dar hana: maziwa ya asubuhi kutoka kwa mfugaji unayemjua, na maziwa ya zebu, ingawa ni machache, yana mafuta mengi. Chukua lita mbili, zichemshe mpaka zipande kabisa huku unakoroga chini zisiungue. Zima moto, subiri dakika moja, kisha mwagia maji ya ndimu kijiko kimoja kimoja. Kijiko cha kwanza hakitaonyesha kitu. Cha pili utaona punje ndogo. Cha tatu au cha nne maziwa yatakatika kwa ghafla: mabonge meupe yatapanda, na chini yake maji yatabadilika kutoka weupe wa ukungu kuwa manjano ya kijani, angavu. Yakishakuwa angavu acha ndimu, ukizidisha panir inakuwa kali na ngumu. Chuja kwa kitambaa cha pamba kilichochemshwa, suuza kwa maji safi kuondoa uchachu, kaza kitambaa, weka juu yake sufuria yenye maji kwa saa moja. Utapata gramu 300 hadi 400. Yale maji ya manjano kandia chapati. Panir hiyo ikatwe vipande, ikaangwe kwa samli ya hapo hapo Magu na nyanya na kitunguu, na nina hakika utaisahau ile Gouda kwa siku kadhaa. Inakaa friji siku tatu, si zaidi.

Neno kuhusu Kenya, maana najua utashawishika. Limuru kuna Brown's, wanaotengeneza jibini tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na wana aina ambazo hapa nchini huzioni. Kutoka Mwanza hadi Sirari si mbali, na watu huniambia "nitabeba kidogo tu kwenye begi." Bidhaa za maziwa kuvuka mpaka zina vibali vyake, vya Bodi ya Maziwa na vya mifugo, na afisa wa mpakani ana haki ya kuzizuia. Kama unataka jibini ya huko, mwombe saplaya mwenye vibali akuletee ndani ya mzigo wake. Bei itapanda kidogo, na ukiifungua ikiwa mbovu unaye wa kumrudishia.